Barua kwa mwanangu: Usiikimbie kwanta

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi hapa Newala wazima, ila vumbi tu. Bibi yako anakusalimia, na anauliza kama bumu limeshaingia.

Ujumbe wako nimeusoma jana baada ya vipindi. Unauliza, kwa kuwa sasa unaingia mwaka wa tatu, uchukue kozi ya hiari ya kinetiki (elimu ya kasi ya mimenyuko) na kemia ya kwanta (elimu ya elektroni na vifungo vya molekuli), au uikwepe utafute nyepesi ya kuinua GPA, maana wenzako wanasema kwanta haimsaidii mtu atakayerudi Mtwara. Tena unataka ushauri wa mradi wa mwisho. Mimi naona ni swali moja hilo. Chukua kinetiki na kwanta, na mradi ufanye juu ya mafuta ya maganda ya korosho.

Mwaka wa kwanza mtu anaweza kupita kwa madesa na pasti pepa, nawajua. Mwaka wa tatu unapewa kampaundi ambayo haimo kwenye desa lolote, unaambiwa ueleze itafanya nini ukiipasha moto, na kwa nini. Hapo aliyekariri anatafuta sapu. Wenzako wanaosema kwanta haina kazi Mtwara nadhani hawajawahi kukaa na mtu anayebangua.

Bibi hujipaka majivu mikononi kabla ya kubangua, umeliona hilo tangu utotoni. Siku ukija, chukua korosho bichi uipasue ganda kwa kisu, ulitazame ukiwa umevaa glavu. Katikati ya ngozi ya nje na ya ndani kuna vijishimo kama vya sega la nyuki, vimejaa mafuta mazito ya kahawia. Yakikugusa huenda usisikie kitu mara moja. Baadaye ngozi inawasha, inageuka nyeusi, kisha inabanduka. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi anakadiki: pete ya benzini yenye kundi la haidroksili, kundi la kaboksili, lile linaloifanya iwe asidi, pembeni yake, na mkia wa kaboni 15. Mkia huo unapenda mafuta, ndiyo maana kitu chenyewe kinapenya ngozi kirahisi. Utomvu wa embe unaowababua watoto midomo una kampaundi za ukoo huohuo, maana mwembe na mkorosho ni familia moja.

Sasa ukiyapasha moto, kundi la kaboksili linatoka kama kaboni dayoksaidi na inabaki kadanoli. Hiyo ndiyo wenye viwanda wanaitaka, kwa rangi, gundi ngumu na bitana za breki za magari. Korosho zetu nyingi zinapakiwa bandarini Mtwara na maganda yake, zinakwenda India na Vietnam, na mafuta yanakwenda nazo. Linaniudhi jambo hilo, lakini tuendelee.

Mradi wako uulize hivi: mgeuko huo unakwenda kwa kasi gani, na unabadilikaje joto likipanda? Molekuli ya asidi anakadiki ina uzito wa karibu 346, kaboni dayoksaidi ni 44. Kwa hiyo gramu 100 za asidi safi zikimaliza kugeuka hubaki 87 hivi. Mizani nzuri peke yake inaweza kukuonyesha mwendo wa mmenyuko! Fanya kwenye joto tofauti, tafuta namba thabiti ya kasi (k) ya kila moja, kisha chora logi asilia ya k dhidi ya moja gawanya kwa joto la Kelvini. Mteremko wa mstari huo, ukiuzidisha kwa 8.314 na kugeuza alama, unakupa nishati ya kuuanzisha mmenyuko. Huo ni mlinganyo wa Arrhenius, yule Mswidi, wa mwaka 1889. Kinetiki unayotaka kuikwepa ndiyo hiyo.

Ila mizani usiiamini peke yake. Maji yakiwa yamebaki kwenye mafuta, nayo yataondoka na utayahesabu kama gesi. Tena moto ukizidi, mikia yenye vifungo maradufu inashikana na mafuta yanakuwa mazito. Hapo utahitaji mashine ya infraredi, inayochora mitikisiko ya vifungo kama vilele kwenye mstari. Kaboksili ya asidi hii haionekani kwenye 1700 (namba ya mawimbi kwa sentimita) kama ulivyozoeshwa, inashuka hadi karibu 1650, kwa sababu haidroksili jirani imeishika kwa kifungo cha hidrojeni. Kilele hicho kinapungua kadiri kadanoli inavyozaliwa. Mtu asiyejua kwanta ataona mstari unapanda na kushuka. Wewe utajua kifungo gani kinatikisika, na kwa nini kinatikisika polepole kuliko cha mwenzake.

Kuhusu kazi sikuahidi kitu. Kuna Naliendele kwenye utafiti wa korosho, kuna mtambo wa gesi Madimba, kuna kiwanda cha saruji, na kote huko mkemia anahitajika, lakini nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi. GPA ni muhimu, sikatai. Ila mbele ya meza ya usaili, "nilipima mwenyewe" ina uzito kuliko kozi tatu nyepesi.

Kabla hujamwona msimamizi, soma walichoandika walimu wa idara yenu hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, juu ya mafuta haya, wameyafanyia kazi miaka mingi. Mwambie pia unataka kuitenga asidi kwa chokaa: kalsiamu inaishika na kuitua chini, kadanoli na kadoli (kampaundi nyingine ya mafuta hayo) zinabaki kwenye kimiminika, kisha unaiachilia kwa asidi hidrokloriki. Atakuuliza maganda umeyatoa wapi. Yasiwe ya kiwandani yaliyokwisha kukaangwa, maana humo asidi nyingi imeshageuka. Bibi anakuwekea mabichi, yaliyopasuliwa kwa mkono. Niambie unataka kilo ngapi, nami nitayafunga kwenye ndoo yenye mfuniko, maana konda wa basi akiona mafuta yamechafua mizigo ya watu atatushusha.

Mama yako