Kivinjari cha faili: majibu kwa waliokwama na kwa wanaotafuta ruwaza za kupachika

Tangu niseme hapa kwamba zoezi zuri la kujifunza ruwaza za usanifu wa programu (design patterns, yaani majibu yaliyozoeleka kwa matatizo yanayojirudia) ni kujijengea kivinjari chako mwenyewe cha faili, programu ya kuona, kunakili na kuhamisha mafaili, barua hazikatiki. Nimechagua hizi. Walioandika "kodi yangu haifanyi kazi, nisaidie" bila kusema haifanyi kazi vipi hawamo humu, na wakirudia hawatakuwamo tena.

Mwalimu anataka mradi wa kivinjari cha faili uwe na ruwaza zisizopungua 10. Nimeshapata 7. Naomba unipendekezee 3 za kuongezea. (Mwanafunzi, Dodoma)

Barua hii naipata kila muhula, hubadilika namba tu. Orodha maarufu ya ruwaza 23 ilitoka mwaka 1994, na waandishi wake wanne hawakukaa mezani kuzibuni. Walizichota kwenye programu zilizokuwa zikifanya kazi tayari, wakazipa majina. Tatizo lilitangulia, jibu likafuata, jina likaja mwisho. Wewe umeshika jina mkononi unazunguka kulitafutia tatizo, kama mtu aliyenunua viungo vyote dukani ndipo akauliza leo tunapika nini. Utamwaga karafuu kwenye maharage.

Funga kompyuta, chukua karatasi. Andika anachofanya mtu mbele ya kivinjari cha faili tangu anapokifungua, na utie alama kila panapouma. Folda ndani ya folda: Kompoziti, ya kutendea kitu kimoja na kundi la vitu kwa namna moja, itakuja yenyewe. Kutendua: Komandi. Orodha ijue kwamba folda imebadilika: Obzeva. Kupanga kwa jina au kwa tarehe: Strateji. Vijipicha: Proksi, kitu kinachoshika nafasi ya kingine. Ikoni moja ya PDF kutumiwa na mafaili 3,000: Flaiweti. Kitufe cha kurudi nyuma? Wengi hukimbilia Memento, ruwaza ya kuhifadhi hali nzima ili uirudie, lakini orodha mbili za anwani za folda, ya nyuma na ya mbele, zinatosha kabisa. Hizo ni sita, na programu nzuri tu inaweza kuishia hapo. Kama mwalimu hashuki chini ya 10, mpe 10 zake upate maksi, halafu likizo ikifika zifute nne.

Faili na folda ziwe klasi moja au mbili? (Mombasa)

Mbili, zenye kiolesura kimoja, yaani zinazojibu maswali yaleyale. Dirisha halina haja ya kujua linachora nini. Linauliza jina, ukubwa na tarehe, basi. Faili hujibu ukubwa wake, folda huwauliza watoto wake, yaani vilivyomo ndani yake, ikajumlisha. Ubishi wa miaka yote ni wapi ukae mwito wa kuongeza mtoto. Wapo wanaouweka kwenye kiolesura ili kila kitu kifanane, halafu ndani ya klasi ya Faili wanaandika kosa la "haiwezekani". Mimi nauweka kwenye Folda peke yake. Heri kompaila inikatalie leo kuliko mteja anipigie simu kesho.

Na mawili ambayo hukuuliza. Usipakie mti mzima programu inapoamka. Soma watoto wa folda pale mtu anapoifungua. Pia jua kwamba kwenye diski halisi mti huo si mti. Simlinki moja (faili ambalo ni kiungo tu cha kuelekea mahali pengine) inayoelekea kwa folda mzazi inatosha kukufanya uzunguke humohumo, ukijumlisha ukubwa uleule tena na tena. Unapojumlisha, usizifuate simlinki. Ikibidi uzifuate, tunza namba ya kifaa pamoja na namba ya inodi, ile ambayo diski hulitambulia faili, ya kila ulichokwisha kupitia. Jozi hiyohiyo ndiyo itakayokuzuia kuhesabu mara mbili faili moja lenye majina mawili.

Lugha gani ni bora kwa kazi hii, Java au Python? (Wasomaji 14, kwa maneno tofauti)

Ile uliyowahi kuanzia kitu ukakimaliza.

Nimeweka kitufe cha Tendua kwa kutumia Komandi. Kubadili jina kunatendulika, kunakili kunatendulika, lakini kufuta kunagoma. Nimekosea wapi? (Arusha)

Umekosea pale ulipoita "kufuta" kitu ambacho ni kuangamiza. Komandi haina miujiza: kila tendo linabeba namna ya kulifanya na namna ya kulirudisha, na faili likishaondolewa kwenye diski hakuna cha kurudisha. Kufuta kwa mtumiaji wa kawaida kuwe ni kuhamishia kwenye pipa la taka. Kwenye Linux pipa liko ~/.local/share/Trash, lina folda mbili: files, linamokaa faili lenyewe, na info, linamokaa faili dogo la .trashinfo lenye mahali lilipotoka na tarehe ya kufutwa. Fuata utaratibu huo badala ya kubuni pipa lako, ili programu nyingine nazo ziweze kulirudisha. Windows na macOS zina miito yake ya kutupa kwenye pipa, itumie. Ila kwenye flashi Windows kwa kawaida haiweki kitu pipani, kinakwenda moja kwa moja. Hapo muulize mtu kwanza, na kitufe cha Ndiyo kisiwe ndicho kilichochaguliwa tayari.

Tukiwa kwenye kupoteza kazi za watu, ngoja niseme langu. Miaka ya nyuma niliiandikia steshenari moja kivinjari kidogo cha faili, chenye ruwaza za kutosha kumpendeza mwalimu wa Dodoma. Siku moja binti akaleta flashi yenye tasnifu yake. Mhudumu akakata faili, akalibandika kwenye kompyuta ya duka ili achapishe. Diski ya ile kompyuta ilikuwa imejaa. Kodi yangu ikanakili, ikafika katikati, ikapata kosa, ikalimeza, maana nilikuwa nimedaka kosa na kuacha mabano matupu. Kisha ikaendelea kwa utulivu na hatua ya pili, ikafuta kwenye flashi. Kilichobaki kilikuwa nusu faili, na Word ikakataa kulifungua. Yule binti alikuwa ameishika flashi kwa vidole viwili, anaigeuzageuza kana kwamba tasnifu imejificha upande wa pili. Tulichopata ni rasimu ya wiki tatu nyuma, kwenye barua pepe aliyomtumia msimamizi wake.

Basi elewa hivi. Kuhamisha ndani ya mfumo mmoja wa mafaili ni kubadili jina tu, huisha papo hapo hata kama faili lina gigabaiti 4. Kutoka diski moja kwenda nyingine, Linux itakukatalia rename na kukurudishia kosa la EXDEV. Kuanzia hapo wewe ndiye unayenakili na wewe ndiye unayefuta. Nakili kwa jina la muda kule kunakokwenda. Hakikisha data imeandikwa kweli kwenye diski, si kwenye kumbukumbu tu. Linganisha ukubwa. Badili jina la muda liwe jina halisi. Ndipo ufute la zamani, na likishindikana popote njiani, la zamani lisiguswe.

Na hiyo Tendua yako ya kunakili unayojivunia: inafanyaje? Bila shaka inafuta nakala. Je, kama mtu ameshaifungua ile nakala akaiandika saa mbili nzima? Tunza tarehe ya mwisho ya kubadilishwa, na ikiwa si ileile uliyoiacha, kataa kutendua. Ungeniuliza hilo ningefurahi zaidi.

Nikifungua folda, na programu nyingine ikaongeza faili humo, orodha yangu haibadiliki. Kwa sasa nimeweka taima inasoma folda kila sekunde. (Kampala)

Na betri ya laptopu inakushukuru. Mfumo wenyewe uko tayari kukuambia, usikilize tu. Linux ina inotify tangu kerneli 2.6.13 ya mwaka 2005, macOS ina FSEvents tangu 10.5 ya mwaka 2007, Windows ina ReadDirectoryChangesW. Hiyo ndiyo Obzeva, na hapa imetulia mahali pake.

Ila inotify haishuki kwenye folda za ndani. Usiweke mlinzi kila folda ya diski, weka kwa zile zinazoonekana kwenye dirisha. Mtu akifungua faili la zip lililofungasha mafaili 2,000 taarifa zitakunyeshea, kwa hiyo zikusanye kwa robo sekunde hivi ndipo uchore mara moja. Foleni ikifurika kerneli itakuambia imefurika. Hapo usibahatishe, soma folda upya. Kichupo (tab) kikifungwa, ondoa msikilizaji wake. Na kwenye folda ya mtandao, mabadiliko yaliyofanywa na kompyuta nyingine hayakufikii kwa inotify, kwa hiyo usikiondoe kitufe cha F5 cha kusoma folda upya ukidhani umekua.

Je, ni sahihi kutumia Singletoni kwa klasi ya MenejaFaili? (Nairobi)

Hapana. Singletoni ni klasi inayoruhusu kitu chake kimoja tu katika programu nzima. Siku mtumiaji atakapofungua madirisha mawili ubavu kwa ubavu, utaelewa.

Kwenye orodha yangu "Ripoti 10" inatangulia "Ripoti 2". Nimetengeneza klasi tano za Strateji na bado. (Zanzibar)

Klasi tano za kupanga orodha! Katika lugha za siku hizi Strateji ya kupanga ni funksheni moja unayoipitisha. Shida yako wala haiko kwenye ruwaza. Unalinganisha herufi kwa herufi, na 1 iko kabla ya 2. Likate jina vipande, maneno mbali na tarakimu mbali, vipande vya tarakimu uvilinganishe kama namba. Kwa maneno tumia maktaba inayojua lugha, kama ICU, si kulinganisha baiti, la sivyo "Zuhura" atakuja kabla ya "asha" kwa sababu tu ameandikwa kwa herufi kubwa.

Folda zote kwenye flashi yangu zimegeuka shotikati. Hili nalo ni ruwaza? (Mwenye duka la kuchapisha, Mwanza)

Ni virusi, mzee wangu, lakini nitakujibu kwa sababu linawahusu hawa vijana. Usibofye hizo shotikati. Kila unapobofya unakikaribisha kirusi tena. Folda zako mara nyingi zipo, zimefichwa tu. Safisha kompyuta kwanza kwa antivirusi, kisha kama flashi ni E, fungua kidirisha cha amri uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* nazo zitaonekana.

Sasa nyinyi mnaojenga. Ujanja huu unafaulu kwa sababu kivinjari cha faili kinamficha mtu ukweli. Windows huficha viendelezi vinavyojulikana (herufi za mwisho wa jina la faili, kama .docx), na .lnk, kiendelezi cha shotikati, haikuonyeshi hata ukiiomba ionyeshe vyote. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilisambaa duniani kama faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na waliofichiwa kiendelezi waliona barua ya maandishi tu. Onyesha kiendelezi, siku zote. Shotikati iwe na alama isiyofichika. Mbunifu wa ikoni akikuambia inaharibu sura, mpeleke Mwanza akakae dukani kwa mzee siku moja.

Nikifungua folda yenye picha 5,000 programu inaganda. Nimejaribu kila ruwaza. (Dar es Salaam)

Hukujaribu kila ruwaza, na hata ungejaribu zisingekusaidia. Kinachoganda ni uzi (thread, mkondo mmoja wa kazi za programu) unaochora dirisha, kwa sababu umeubebesha kazi ya kusoma diski. Usomaji upeleke kwenye uzi mwingine, majina yaje kwa mafungu ya mia mia, na uchore safu zinazoonekana tu: dirisha lenye nafasi ya picha 40 halina sababu ya kutengeneza viboksi 5,000. Proksi ishike nafasi ya kijipicha kwa ikoni ya kawaida mpaka chenyewe kipatikane. Kabla ya kukitengeneza, kwenye Linux tazama ~/.cache/thumbnails, programu nyingine huenda imeshakiweka, kwa saizi kama pikseli 128 au 256, na jina la faili ni MD5 (alama inayokokotolewa) ya anwani ya picha. Mtu akiondoka kwenye folda, ghairi kazi zilizobaki kwenye foleni. Hilo la mwisho wanalisahau wote, kisha wanashangaa folda ya pili nayo inachelewa.

Ikiganda tena baada ya hapo, niandikie, lakini ambatisha matokeo ya profaila, chombo kinachoonyesha muda wa programu unaishia wapi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, yenye mwanga wa dirisha katikati, sitaifungua.