Halijoto inarukaruka nikipunguza ukubwa wa vipande

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Niko mwaka wa nne, uhandisi wa mitambo, Dar es Salaam, na ninatamani kazi ya kuiga joto na metali kwa kompyuta. Nimeandika programu ya kukokotoa jinsi bamba la chuma lenye unene wa milimita 40 linavyopoa kutoka nyuzi 900. Nikiligawa vipande vya milimita 2, majibu ni mazuri. Nikipunguza hadi milimita 1, halijoto inarukaruka mpaka maelfu. Hatua ya muda ni sekunde 0.1. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Huenda programu yenyewe haina kosa. Njia unayotumia hupata halijoto mpya moja kwa moja kutoka ile iliyotangulia, na ina kikomo: hatua ya muda isizidi mraba wa upana wa kipande, ukigawanya kwa mara mbili ya kasi ya chuma kusambaza joto, ambayo ni kama milimita za mraba 12 kwa sekunde. Kwa milimita 2 kikomo ni sekunde 0.17, uko salama. Kwa milimita 1 ni 0.04 tu. Ukivuka hapo, kila kosa dogo linakuzwa katika kila hatua. Tumia 0.02, au njia ya Crank na Nicolson ya mwaka 1947, inayotatua vipande vyote kwa pamoja.

Ila mimi nina wasiwasi zaidi na yale majibu "mazuri". Umejuaje kuwa ni mazuri? Kama uliweka tabia za chuma zisizobadilika, mstari wako laini wa grafu si wa kweli. Kanuni za Ulaya za majengo ya chuma, Eurocode 3, zinasema kilo moja ya chuma cha kaboni kwenye nyuzi 20 huhitaji jouli kama 440 kupanda nyuzi moja. Kwenye nyuzi 735 huhitaji 5,000, kwa sababu mpangilio wa atomi unabadilika. Kikipoa, chini kidogo ya hapo, joto hilo hurudishwa. Chuma chenye kaboni nyingi kikipoa gizani utakiona kinafifia, kisha kinang'aa tena kidogo.

Kazi unayoitamani ndiyo hiyo: kuhoji namba zinazopendeza. Anza na tabia zisizobadilika ulinganishe na hesabu ya mkono, kisha rudia kwa tabia zinazobadilika ukitumia Elmer au CalculiX, programu za kuiga joto na metali, zote ni bure. Ukiomba kazi, ambatisha grafu yenye mistari yote mitatu: wa programu yako, wa hesabu ya mkono na wa tabia zinazobadilika. Ningekuwa nakusaili mimi, ningeanzia pale mistari inapoachana.