Jiko langu liko upande gani wa mstari?

Mwanangu Neema,

Marahaba mama. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umemaliza miaka minne ya mipango miji, lakini kila ukisoma tangazo la kazi unajiona mikono mitupu, na unaniuliza: "Baba, huko kazini wanategemea niwe najua nini hasa?"

Programu za ramani unazijua kunishinda, hizo zisikuumize kichwa. Ngoja nikusimulie jambo la mwaka wangu wa pili kazini.

Tulikuwa tunaboresha makazi katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam ambao watu walikwishajenga bila kupimiwa. Siku ya mkutano nikaubandika mchoro ukutani, kwenye ofisi ya mtaa, nikaeleza barabara zitakapopita. Bibi mmoja akainuka kwenye jamvi, akaufuata mstari kwa kidole, akaniuliza: "Mjukuu wangu, jiko langu liko upande gani?" Nikaitafuta nyumba yake kwenye karatasi, haikuwepo. Tulichora kwa picha ya anga ya zamani, yeye alijenga baadaye. Nikamjibu, "Tutaliangalia." Akarudi kukaa, akajifunika khanga mpaka kichwani, hakusema tena.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda na futi kamba. Barabara yangu ilipita juu ya jiko, na nyuma ya jiko palikuwa na makaburi mawili, la mumewe na la mwanawe. Mita tatu upande wa pili palikuwa wazi. Kuuhamisha mstari ilinichukua nusu saa.

Hicho ndicho ninachokitaka uwe nacho kabla ya chochote: umweleze mtu aliye mbele yako mstari wako utamfanya nini. Ukitaka kumjibu sawasawa, mengine yatakuja yenyewe. Itabidi uijue sheria, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na mwenye nyumba atakuuliza hilo neno "kwa wakati" maana yake lini. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 nayo isome yote, si muhtasari wa darasani.

Itabidi uyajue maji. Hapa nakusihi sana, mama. Mvua za Desemba 2011 zilipofurika Bonde la Mto Msimbazi hapo Dar, watu walikaa juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka kingo za mto, lakini mto wenyewe unakula kingo zake na kuhama. Kwa hiyo usipime kwenye ramani ukaridhika. Nenda ukaangalie alama ya tope kwenye kuta, uwaulize wazee maji yalifika wapi. Wanakumbuka mpaka tofali.

Na hesabu usizikimbie. Sensa ya 2012 iliikuta Dar na watu 4,364,541, ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Ligawe ongezeko hilo kwa miaka kumi: zaidi ya laki moja kila mwaka. Ukiletewa mpango wowote, uliza hao laki moja watalala wapi, watachota maji wapi, na daladala gani itawafikisha kazini. Ukishapata jibu, uliza fedha zinatoka fungu gani, kwa sababu nimeona michoro mizuri mno ikiliwa na mchwa kwenye makabati.

Usajili wa bodi ya wataalamu wa mipango miji utakuja kwa wakati wake. Kuandika ndiko kunakonitia wasiwasi kidogo. Ile ripoti uliyonitumia nimeisoma, imejaa maneno ambayo mwenyekiti wa mtaa hatayaelewa. Chukua ukurasa mmoja, uuandike upya kama unamwandikia bibi yako Korogwe, kisha unitumie.

Mama yako anakusalimu. Jumamosi nakuja Dar. Tutatembea kwa miguu kutoka Kigogo mpaka Jangwani, kandokando ya mto, kwa hiyo vaa mabuti na uje na daftari. Futi kamba ninayo.

Baba yako