Kofia, Mkeka na Shuka la Viraka kwa Mkono Mmoja

SWALI: Ndugu Mhariri, assalamu alaikum. Mimi ni mama wa nyumbani hapa Wete, Pemba, na kazi za mikono ndizo zinazonipatia fedha za matumizi. Hivi sasa ninashona kofia ya mkono ambayo mteja ameshaitolea arbuni na anaitaka kabla ya Idi. Nina mkeka wa rangi ambao ukili wake, yaani ule utepe wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka, umefika nusu. Na nimeanza shuka la viraka vya vitenge kwa ajili ya binti yangu anayetarajia kuolewa. Kila ninaposhika moja naona nimeitupa nyingine. Mama yangu mzazi husema kwamba mtu humaliza kazi aliyonayo ndipo akashika ya pili. Je, nimsikilize? Na kama nitaendelea na zote tatu, nizipange vipi? — Msomaji, Wete

JIBU: Wa alaikum salaam, dada yangu. Maneno ya mama yako ni ya kuzingatiwa na kila mtu mwenye kazi mbili za aina moja, kwa sababu kofia mbili zikianzwa pamoja hugombania macho yale yale na saa zile zile za mchana, na mwisho wake moja hubaki kabatini. Kazi zako tatu hazigombani kwa namna hiyo. Kofia inataka macho na mwanga, ukili unataka vidole tu, na shuka la viraka linataka cherehani na meza. Kwa hiyo sioni sababu ya kuziacha mbili ili uimalize moja, ila ni lazima kila kazi uipe wakati wake wa siku, na ujue mahali pa kuisimamishia unapoiweka chini.

Kofia iwe ya asubuhi. Wewe mwenyewe unajua kwamba kila kitobo hutobolewa kwa sindano kisha kikazungushiwa uzi mpaka kikakaza, na kwamba vitobo vikishonwa kwenye mwanga hafifu hutofautiana ukubwa, jambo ambalo mvaaji huliona mara tu anapoishika kofia mkononi. Lakini iko sababu nyingine ya kuitanguliza, nayo ni vidole vyako. Ukindu, yaani majani ya mkindu unayosukia ukili, hukwaruza ncha za vidole, na ncha iliyokwaruzika hukamata uzi mwembamba na kuuchambua. Tena ukindu uliotiwa rangi huacha rangi mkononi, hasa ukiwa na unyevu, na doa la zambarau kwenye kitambaa cheupe cha kofia halitoki kwa urahisi. Ukishaanza kusuka ukili, basi kofia usiiguse tena siku hiyo. Kila unapoiacha, ifunge ndani ya kitambaa cheupe kilichofuliwa, na usiiache katikati ya ua unalolishona. Maliza ua zima na ufiche ncha ya uzi, ili kesho yake uanze ua jingine bila kukisia ulikuwa umefikia wapi.

Ukili uwe wa baada ya alasiri, unapokaa barazani na wenzako, kwa maana mkono uliokwisha kuzoea kusuka hauhitaji kutazamwa. Kabla ya kuuweka, ongeza miyongo mipya, yaani vipande vya ukindu vya kusukia, pale ambapo ya zamani imekuwa mifupi, suka kidogo ili iliyoongezwa ishikwe, kisha funga ncha kwa kamba. Ukiuacha na ncha fupi, utakaporudi utakuta umefumuka, na nusu saa ya kwanza itapotea katika kurekebisha.

Hapa nataka nikuulize jambo ambalo hukulitaja: je, ukindu wa nusu iliyobaki umeshauchemsha na rangi? Kama bado, lifanye hilo kwanza, hata kabla ya kugusa sindano ya kofia. Chungu cha pili hakitoi rangi ile ile ya chungu cha kwanza, kwa kuwa kiasi cha maji, muda wa kuchemsha na weupe wa ukindu wenyewe havilingani, na mkeka wenye nyekundu mbili huonekana dosari yake tangu mlangoni. Fikiria pia majira. Masika yakishaingia, kuanzia mwezi wa Machi hadi Mei, jua la kukaushia huwa la kubahatisha, na ukindu uliowekwa na unyevu hushika ukungu. Chemsha wote uliobaki kwa pamoja, uanike mpaka ukauke kabisa, kisha uufunge kwa kitambaa au mkeka mkuukuu. Usiutie kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki huzuia hewa. Siku ya kusuka, chukua kiasi cha siku hiyo tu, ukipitishie kitambaa chenye maji ili kilainike kisivunjike.

Shuka la viraka ndilo linaloharibika kimyakimya likiachwa muda mrefu, na kinacholiharibu ni kipimo. Tuseme mwanzoni ulikuwa ukishona robo inchi kutoka ukingoni, halafu ukakaa wiki kadhaa, na uliporudi kwenye cherehani jicho lako likakubali robo na nusu ya robo. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini kila mshono unakula kitambaa pande zote mbili, yaani robo inchi zaidi. Safu yenye viraka 12 ina mishono 11, kwa hiyo safu mpya itakuwa fupi kuliko ya zamani kwa inchi mbili na robo tatu, na hakuna kuvuta kutakakozifanya zikutane. Bandika utepe kwenye bamba la cherehani mahali ukingo wa kitambaa unapopita, na uandike kipimo kwenye karatasi utakayoichoma kwa pini juu ya viraka vyenyewe. Fua vitenge vyote kabla ya kukata, kwani vingine hupungua na vingine hutoa rangi. Kata viraka vyote siku moja, na usimamishe kazi pale tu safu nzima imeunganishwa na kupigwa pasi.

Kuhusu nani atangulie, arbuni ni deni, na kofia ndiyo yenye siku maalumu. Hesabu kurudi nyuma kutoka Idi, na wiki ya mwisho uiweke kando kwa ajili ya kufua, kutia wanga na kuikausha kofia ikiwa imevishwa kwenye kitu cha duara ili ikae umbo lake. Ukiona muda umebana, simamisha shuka, usisimamishe mkeka. Watu wengi hufanya kinyume kwa kudhani kwamba mkeka ndio unaokula muda, ilhali ukili unasukwa jioni, saa ambazo kofia isingeshonwa vyovyote vile. Shuka ndilo linaloiba mchana wa kofia. Na akija mteja mwingine na arbuni ya kofia ya pili kabla ya Idi, mwombe kwa upole asubiri, hata kama fedha zake unazihitaji.

SWALI: Ninatengeneza zulia dogo la mlangoni kwa kuvuta vipande vya fulana kuukuu kwa kulabu kwenye gunia, na wakati huo huo ninadarizi foronya. Nikirudi kwenye zulia baada ya kulipumzisha, kingo zimejikunja. Nikirudi kwenye foronya, nakuta alama ya duara isiyotoka. Nifanye nini? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Zulia linalojikunja mara nyingi limesongamana mno. Ruka tundu moja au mawili ya gunia kati ya kitanzi na kitanzi, kwani fulana hutanuka na kujaza nafasi yenyewe. Na kingo za gunia uzikunje na kuzishona kabla ya kuanza, ili nyuzi zisifumuke kila unapolishika. Unapoliweka, usilikunje kama nguo. Livingirishe, upande wa vitanzi ukiwa nje, maana ukiwa ndani vitanzi hugandamizana na gunia la nyuma huvutika. Foronya nayo, itoe kwenye fremu ya duara kila unapomaliza kudarizi, hata kama unakusudia kuendelea baada ya chakula. Alama iliyokwisha kuingia, jaribu kuiloweka kwenye maji baridi kisha uipige pasi kwa upande wa nyuma, juu ya taulo nene, ili uzi wa darizi usilale.