Asta zinazolala na majani yenye unga mweupe

Huo unga mweupe unaouona kwenye majani ya asta zako (maua ya bustani yenye umbo la nyota) kabla hazijachanua ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Hupenda mimea iliyosongamana na yenye kiu mizizini, kwa hiyo mwagilia shinani, weka matandazo, acha nafasi hewa ipite. Kulala kwa mashina si tatizo kubwa: mwanzoni mwa kiangazi kata ncha, yatoe matawi na kubaki mafupi, ingawa maua yatachelewa kidogo. Kila baada ya miaka 2 au 3, majira ya kuchipua, ng'oa kichaka kizima, panda vipande vya pembeni; kitovu kilichozeeka tupa tu, usikionee huruma. Ukungu ukikushinda, mimi ningeachana na asta za aina iitwayo New York nitafute za aina iitwayo New England, ambazo huugua mara chache.