Kabla Hamjafungua Masanduku ya Taa

Wadogo zangu mnaozungusha tamthilia za vitabu teule shuleni, nawapenda, lakini juzi mmenipandisha presha. Nilikaa kwenye benchi la bwalo nikiwatazama mkishusha taa, mkizifunga kwenye vyuma, mkinyoosha maleba. Dakika za mwisho ndipo mmoja wenu akauliza soketi ziko wapi. Ilikuwa moja, na friji ya jikoni ilikuwa imewatangulia. Basi sikieni.

1. Ukumbi uonwe kwa macho, saa ileile ya onyesho. Picha ya WhatsApp haiwaonyeshi jua la saa nne. Mwongozaji anapanga mauaji ya gizani, mnafika bwalo lina madirisha pande zote bila pazia hata moja, na maiti anaonekana akijikuna. Giza lisipopatikana, msilitegemee. Mizimu yetu siku hizi huingia kwa ngoma, na wanafunzi huogopa zaidi. Ukumbi wa kanisa nao una wenyewe: ulizeni siku za mazoezi ya kwaya kabla ya kulipa, maana kina mama wakianza sauti ya kwanza hakuna mwigizaji wa kushindana nao.

2. Pigeni makofi katikati ya ukumbi mtupu. Kuta za saruji zikiyarudisha, mwigizaji apunguze kasi, asiongeze sauti. Akipaza, na mwangwi nao unapaza. Mvua juu ya mabati ni habari nyingine. Machi hadi Mei muwe na wimbo wa dharura: mvua ikishika, acheni mazungumzo, imbeni, ukumbi utaitikia. Mwenzetu mmoja alikataa kusimama, akamaliza hotuba yake yote mdomo ukifunguka na kufumba kama samaki. Makofi alipigiwa, lakini hakuna aliyejua kwa nini alimfukuza mkewe.

3. Stima. Hapa wekeni simu chini.

Nilikuwa msimamizi wa jukwaa, tumekodi taa nne za wati 1,000, nami nimejaa kiburi cha mtu aliyekodi taa. Shule ilikuwa ya bweni, huko kwenye mashamba ya chai. Soketi ya maana ilikuwa moja, ukutani karibu na jikoni. Mpishi akaniambia, "Kijana, hiyo huwa inachoka." Nikamjibu kwa tabasamu. Hesabu ya shule ya msingi ingeniokoa: soketi ya ampea 13 kwenye volti 240 hubeba wati 3,120, na mimi naidai 4,000. Tena ekstensheni niliiacha imezungushwa kwenye gurudumu lake, nikavuta mita chache tu ili jukwaa lipendeze. Waya uliozungushwa haupati hewa. Joto linajirundika ndani.

Onyesho la kwanza likaenda vizuri, na hilo ndilo lililoniponza. Katikati ya la pili nikasikia harufu ya plastiki. Nikajiambia ni jikoni, wameunguza maharagwe. Nilijua si maharagwe. Lakini tukio lilikuwa limenoga, ukumbi umetulia tuli, nikaona heri liishe kwanza. Halikuisha. Soketi ilitoa cheche, ikayeyuka, na shule nzima ikazimika: bwalo, maabara, pampu ya maji ya mabweni. Wanafunzi walishangilia, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Mwalimu mkuu alipofika nikamwambia ni kampuni ya stima imekata. Sikupepesa hata jicho. Mpishi alikuwa nyuma yake, amefunga mikono kifuani, kimya. Kisha fundi wa shule akaing'oa ile soketi ukutani, akaiweka mezani mbele yangu, plagi yetu imegandia ndani yake.

Malipo yetu yalizuiwa yagharamie matengenezo. Waigizaji wakarudi mjini mikono mitupu, na mmoja wao alikuwa amemwahidi mwenye nyumba kodi jioni ileile. Hakunigombeza. Alikaa kiti cha nyuma cha matatu, akatazama nje mpaka tukafika, na msimu uliofuata nikamwona na kikundi kingine. Shule ile ikaanza kudai amana kwa kila kikundi cha maigizo, hata visivyonijua. Kwa hiyo mkidaiwa amana huko kwenye chai, samahanini.

Taa zigawanywe kwenye saketi mbili, yaani njia mbili tofauti za umeme (soketi mbili si lazima ziwe saketi mbili, muulizeni fundi), waya ufunguliwe wote, na mtu mmoja kazi yake iwe kukagua plagi kila tukio linapobadilika. Plagi ikipata joto, zimeni taa, hata kama mfalme yuko katikati ya kukata roho.

4. Jukwaa la meza: fungeni miguu kwa kamba, na mwenye kuruka aruke mazoezini, mara tatu, na viatu vyake vya onyesho.

5. Choo kiko wapi, na ufunguo anao nani. Basi.

6. Mtasema kumbi nzuri zipo. Zipo. Ukumbi wa Kitaifa pale Nairobi upo tangu 1952, ulikarabatiwa ukafunguliwa upya 2015. Sasa kikundi kinachogawana nauli baada ya onyesho kitaukodi mara ngapi kwa mwaka? Wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, walijijengea jukwaa lao la wazi, bila paa, na serikali ilipotaka kuwanyamazisha 1982 ikatuma polisi walibomoe. Sisemi mabati yanayovuja yana baraka. Kaunti zinazotukodishia kumbi za mitaa zingefaa kubadilisha nyaya na kuweka mapazia, na hilo nalisema kila ninapopewa nafasi kikaoni. Ila onyesho lenu ni Jumatano, na nyaya ni zilezile.

7. Mzee mwenye funguo apigiwe simu siku mbili kabla, si mkiwa mlangoni. Msalimieni kwanza, muulizeni ni wapi panavuja na dirisha gani halifungi. Anaujua ukumbi kuliko aliyewatolea risiti. Mkimaliza, fagieni. Pini za maleba ziokoteni moja moja, maana kesho asubuhi watu wanakunywa uji hapo.