Maswali ya Wasomaji: Bastola ya Bei Nafuu kwa Mlenga Shabaha

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kirumba na ni mkazi wa Nyegezi, hapa Mwanza. Shemeji yangu, ambaye ni askari mstaafu, aliwahi kunichukua kwenda kuwatazama watu wakilenga shabaha, na tangu hapo nimeupenda mchezo huo. Nafikiria kununua bastola yangu kwa ajili ya kulenga mara moja moja, siku za mapumziko. Sitaki silaha ya kujilinda wala ya kutembea nayo mjini. Shemeji ananishauri nitafute bastola ya milimita 9 (ndicho kipenyo cha risasi yake) iliyokwishatumika, kwa kuwa itafaa hata kwa mambo mengine. Muuzaji niliyemuuliza bastola ya .22, ile ya risasi ndogo yenye kipenyo cha takribani sehemu 22 za mia za inchi, alicheka, akasema hiyo ni ya watoto. Uwezo wangu ni wa kawaida. Nichague ipi? — Msomaji, Nyegezi.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa matumizi uliyoyataja chukua .22, na umshukuru shemeji kwa ushauri wake bila kuufuata. Yeye anaifikiria silaha kama askari anavyoifikiria, na hana kosa kwa hilo, lakini wewe umeuliza kuhusu mchezo.

Sababu ya kwanza ni gharama, na hapa wengi hupotea kwa kuwa hutazama bei ya bastola peke yake. Bastola hulipiwa mara moja, ilhali risasi utazilipia kila uendapo uwanjani, na mtu anayejifunza hawezi kujifunza kwa risasi kumi. Huko Marekani, ambako bei hizi hutangazwa hadharani, fedha za risasi moja ya milimita 9 kwa kawaida hununua risasi kadhaa za .22. Hapa kwetu bei hutegemea nani ameagiza na ameagiza kiasi gani, kwa hiyo kabla hujachagua bastola ingia katika duka la silaha lenye kibali, uulize bei ya risasi za aina zote mbili, uulize pia kama .22 hupatikana mwaka mzima au hupatikana kwa msimu. Bastola nafuu isiyo na risasi dukani ni hasara iliyofungiwa kabatini.

Sababu ya pili ni mkono wako. Kichwa cha risasi ya kawaida ya .22 kina uzito wa takribani gramu 2.6, na cha milimita 9 hufika gramu 7.5 hadi 8, tena kikisukumwa na baruti nyingi zaidi, hivyo teke la bastola hizi mbili, yaani msukumo wa kurudi nyuma mkononi, halilingani. Mwanafunzi anayeanza na milimita 9 hujifunza haraka sana jambo baya, nalo ni kushtuka kabla ya mlio: kidole kinapokaribia kumaliza kuvuta kifyatulio, mkono huusukuma mtutu chini ili kulizuia teke ambalo bado halijaja, na risasi huingia chini ya shabaha. Ukitaka kuona tabia hii kwa macho, mwombe mwalimu aichanganye risasi ya mazoezi isiyo na baruti miongoni mwa risasi zako bila wewe kujua imekaa wapi. Zamu yake itakapofika hakutakuwa na mlio wala teke, na wote mtauona mtutu ukiinama wenyewe. Ni jambo la aibu kidogo, lakini halina tiba nyingine ila kurudi kwenye risasi ndogo na kufyatua mara nyingi kwa utulivu, na hilo ndilo .22 inalokuruhusu kulifanya bila kufilisika.

Ama yule muuzaji aliyesema .22 ni ya watoto, mwambie kwa heshima kwamba hiyo ndiyo risasi inayotumika katika mashindano ya bastola ya mita 25 ya Olimpiki, ambako duara la alama kumi katika shabaha ya usahihi lina kipenyo cha milimita 50 tu. Risasi yenyewe ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, na haijaacha kutumika hadi leo.

Sasa tuje kwenye bastola zenyewe. Mlenga shabaha anahitaji bastola nzito kiasi, yenye mtutu mrefu, na kilengeo cha nyuma kinachoweza kurekebishwa. Uzito hutuliza mkono. Urefu hutenganisha kilengeo cha mbele na cha nyuma, na kadiri vinavyoachana ndivyo kosa dogo la kulenga linavyoonekana mapema, kabla halijawa tundu mahali pasipotakiwa kwenye karatasi. Katika bastola za magazini, yaani zenye kasha la risasi linalochomekwa kwenye mpini, zile zinazotajwa mara nyingi kwa kazi hii ni mfululizo wa Ruger Mark na Browning Buck Mark. Ruger ya kwanza ya ukoo huo ilitoka mwaka 1949, Mark II ikafuata mwaka 1982, na Mark IV ikatoka mwaka 2016. Zote hudumu sana, kiasi kwamba iliyotumika miaka mingi huweza kulenga vizuri kama mpya, lakini zile za kabla ya Mark IV zina sifa moja inayowatoa watu jasho: kuzifungua kwa ajili ya kuzisafisha ni rahisi, kuzirudisha ni kazi ya subira na lugha isiyofaa kuandikwa humu. Mark IV hufunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ukiuziwa ya zamani kwa bei nzuri usiikatae kwa sababu hiyo, ila mwambie muuzaji aifungue na kuirudisha mbele yako, taratibu, na wewe ujaribu.

Kama fedha ni chache zaidi, ipo njia ya rivolva, bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka. Ruger Wrangler ilipotoka mwaka 2019 bei yake iliyotangazwa huko Marekani ilikuwa dola 249, na Heritage Rough Rider nayo iko katika kundi hilo la bei ya chini. Usizichukulie bei hizo kuwa ndizo utakazozikuta dukani hapa, kwa maana usafirishaji, vibali na kodi vina lao la kusema, lakini zinakuonyesha ipi ni nafuu kuliko ipi. Rivolva hizi hupokea risasi sita, moja baada ya nyingine, kupitia mlango mdogo wa pembeni, na kila risasi inakutaka uivute nyundo kwa dole gumba kabla ya kufyatua. Wapo wanaochoshwa na utaratibu huo. Kwa maoni yangu mtu anayejifunza hupata faida humo, kwa kuwa analazimika kupumzika kati ya risasi na risasi, na sanduku la risasi humkalia muda mrefu. Upungufu wake ni kwamba vilengeo vya rivolva hizo, katika matoleo ya bei ya chini, havirekebishwi. Ikipiga kushoto, utajifunza kulenga kulia.

Bastola ndogo za .22 zilizoundwa zifanane na zile za kubeba, kama Walther P22 na Ruger SR22, ni nzuri kwa namna yake, lakini mtutu wake mfupi na wepesi wake humfanya anayeanza aone kama hana kipaji. Kati ya fupi mpya na ndefu iliyotumika, chukua ndefu.

Ukikagua iliyotumika, hakikisha kwanza wewe mwenyewe, kwa macho na kwa ncha ya kidole, kwamba magazini imetolewa na chemba, tundu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa, ni tupu. Kisha utazame ukingo wa chemba kwa tochi. Fataki ya risasi ya .22, yaani kile kinachoiwasha baruti, imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, si katikati kama ilivyo kwa milimita 9, kwa hiyo sindano ya bastola hugonga pembeni. Bastola iliyofyatuliwa mara nyingi ikiwa tupu huweza kuwa na alama ya kugongwa kwenye ukingo huo, na alama hiyo ikiwa kubwa maganda yatakwama. Tazama pia mdomo wa mtutu, maana mikwaruzo ya hapo huharibu usahihi kuliko mikwaruzo ya mwilini, na linganisha namba iliyochongwa kwenye bastola na ile iliyoandikwa katika nyaraka, tarakimu kwa tarakimu.

Nyaraka ndizo zinazokuja kabla ya fedha. Tanzania inayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na chini yake hakuna raia anayemiliki bastola kwa makubaliano ya mdomo na aliyemuuzia. Anza kwa kufika ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya yako, uelezwe utaratibu wa maombi, ambao kwa kawaida hupita kwenye uongozi wa mtaa na kata kabla ya kupanda juu. Taja sababu yako kwa uwazi kwamba ni kulenga shabaha, uulize ni uwanja gani raia anaruhusiwa kuutumia, na leseni itakuruhusu kununua risasi ngapi. Ikiwa jibu la uwanja halitakuridhisha, basi umeokoa fedha zako, kwa sababu bastola ya shabaha bila mahali halali pa kulenga haina kazi. Usitoe hata malipo ya awali kabla ya hapo, na mtu yeyote atakayekunong'oneza kwamba anayo ya bei nafuu isiyo na karatasi, achana naye siku hiyo hiyo.

Katika bajeti yako tenga pia fedha za vifaa vya kuziba masikio, miwani ya kukinga macho, vifaa vya kusafishia, na kasha la chuma lenye kufuli lililofungwa ukutani, risasi zikihifadhiwa mahali pengine. .22 huonekana ndogo, lakini mlio wake kutoka kwenye bastola unatosha kuumiza masikio. Na kwa kuwa unaishi kando ya ziwa, usiiache bastola ndani ya ala ya ngozi kwa wiki nzima, kwani ngozi hushika unyevu na kutu huanza bila taarifa. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila baada ya kuishika. Ukitoka uwanjani nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu risasi nyingi za .22 ni za madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

SWALI: Mimi nina leseni na bastola yangu ya .22. Kwetu Luchelele kuna miamba mikubwa kando ya ziwa na watu si wengi. Kuna ubaya gani nikipanga chupa juu ya mwamba nikalenga kuelekea majini? — Msomaji, Luchelele.

JIBU: Ubaya upo mkubwa, na mandhari ya Mwanza yanauzidisha. Risasi ikigonga mwamba wa matale haizami. Hupondeka na vipande vyake hurudi upande usioutarajia, pamoja na kuelekea kwako. Maji nayo hayazuii risasi inayoyapiga kwa pembe ndogo. Huiruhusu iruke na kuendelea, kama jiwe bapa ambalo watoto hulirusha ziwani. Risasi ya .22 iliyokosa kizuizi huweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na wewe uliyesimama ufukweni huwezi kuwaona wavuvi wote walio mitumbwini katika umbali huo, hasa jua likiwa linamulika maji machoni. Leseni yako ni ya kumiliki silaha. Haigeuzi ufukwe kuwa uwanja wa shabaha. Kinachotakiwa nyuma ya shabaha ni tuta nene la udongo usio na mawe, katika eneo ambalo mamlaka zimeliruhusu. Chupa pia ziache, kwa sababu vigae vyake vitabaki pale kuwasubiri watoto wanaokuja kuoga.

Nyongeza moja kwa kuwa unatumia .22: ukifyatua na risasi isilie, usiigeuze bastola kuitazama. Iendelee kuelekea kwenye shabaha kwa nusu dakika nzima ndipo uitoe risasi hiyo, maana mara chache baruti huchelewa kushika moto.

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha tatu, naye amevutiwa na kulenga shabaha baada ya kuona Olimpiki kwenye televisheni. Je, bastola ya upepo si nafuu na salama zaidi? Inahitaji kibali? — Mama, Igoma.

JIBU: Mama, kwa kijana huo ndio mwanzo bora kuliko yote niliyoyaeleza hapo juu. Bastola ya upepo ya mashindano hutumia chembe, yaani vijirisasi visivyo na baruti, za milimita 4.5 na hulengwa umbali wa mita 10. Imekuwamo katika Olimpiki tangu mwaka 1988, na alama kumi ya shabaha yake ina upana wa milimita 11.5, kwa hiyo asidhani ni mchezo mwepesi. Chembe ni za bei nafuu kuliko risasi yoyote ya baruti na mlio ni mdogo. Bastola za mabingwa ni ghali sana, lakini zipo za wanaoanza, zinazojazwa upepo kwa kukunja mtutu au mkono wa pembeni, na hizo zinatosha kwa miaka yake ya mwanzo.

Kuhusu kibali, usiichukulie kama kitu cha kuchezea. Usiagize mtandaoni wala usimpe ndugu anayesafiri akuletee, kabla hujapata jibu la polisi kuhusu aina kamili unayoitaka, kwa jina na kwa kipimo chake. Mwanao asiishike bila mtu mzima kuwapo, na avae miwani kila mara, kwa kuwa chembe hudunda zikigonga ubao mgumu. Kasha la kuzikamatia liwe la chuma, na karatasi ya shabaha ibandikwe mbele yake.